Neno la Mpanzi: Historia ya Neno "Broadcast"

Leo twataka kuzungumza habari za neno moja tu la Kiingereza. Huenda mtu akauliza, "Neno moja lina habari gani hata litumie mazungumzo mazima?" Jibu letu ni kwamba maneno yana ukoo kama watu. Yana baba na mama, yana mji yalikozaliwa, na yana safari yaliyosafiri. Mara nyingine neno huishi miaka mingi katika kazi ya unyonge, kisha siku moja likaitwa kushika kazi kubwa ambayo wazazi wake hawakuiota. Neno tutakalolieleza leo ni la namna hiyo. Ni neno broadcast.

Mwanafunzi yeyote aliyeanza kusoma Kiingereza atatuambia mara moja kwamba maana yake ni kutangaza kwa redio. Hakukosa. Lakini maana hiyo ni ya juzi. Umri wake ni miaka mia na kidogo tu. Kabla ya hapo neno hilo halikujua waya wala mtambo. Lilikuwa neno la mkulima, nalo lilikaa shambani pamoja na plau na kikapu. Maana yake ilikuwa kutawanya mbegu kwa mkono.

Kwanza na tulipasue neno lenyewe tuone lililomo ndani. Lina vipande viwili. Cha kwanza ni broad, maana yake pana. Cha pili ni cast, maana yake kutupa, au kilichotupwa. Basi neno zima lasema "kilichotupwa kwa upana." Vipande hivyo viwili havikutoka nyumba moja. Kile cha kwanza ni mali ya Waanglo na Wasaksoni, watu waliovuka bahari kutoka pande za Ujerumani na Denmark wakakaa Uingereza tangu karne ya 5. Kile cha pili kililetwa baadaye na mabaharia wa Skandinavia, waliokuja kwanza kwa kuteka nyara, kisha wakakaa, wakalima, wakaoa. Hata leo ukienda Uswidi utawasikia watu wakisema kasta kwa maana ya kutupa. Nasi tusicheke kuona lugha ya Waingereza imeunganishwa kwa viraka; Kiswahili chetu nacho kina shina la Kibantu na matawi mengi ya Kiarabu, na hakuna aonaye haya kwa jambo hilo.

Sasa yafaa tuitazame kazi yenyewe, kwa kuwa asiyeijua kazi hawezi kulielewa neno. Mkulima wa zamani wa Uingereza alikwisha kulima shamba lake kwa plau. Siku ya kupanda alijifunga nguo begani iliyofanya mfuko, au alijitundikia chombo mfano wa kikapu ubavuni, kimejaa ngano au shayiri. Alisimama pembeni mwa shamba, akaangalia alama upande wa pili, kisha akaanza kwenda kwa hatua za sawasawa. Kwa mwendo ule ule wa miguu, mkono wake uliingia kikapuni, ukatoka na konzi ya mbegu, ukazirusha mbele yake kwa mzunguko mpana. Akifika mwisho wa shamba hugeuka, akarudi kwa mstari mwingine, mpaka shamba lote limepata sehemu yake.

Mtu aweza kudhani kwamba kazi hiyo ni rahisi. Kurusha mbegu ni rahisi, hata mtoto aweza. Kueneza sawasawa ndiyo kazi. Asiye fundi huacha mahali hapa mbegu zimesongamana, zikaua nguvu za wenzake, na mahali pale pakabaki upara. Tena kazi haikuisha kwa kurusha. Nyuma ya mpanzi alikuja mtu na farasi akikokota haro, yaani chombo chenye meno mengi, ili kuchanganya mbegu na udongo na kuzifunika. Pasipo haro, ndege wa angani walikuwa ndio wavunaji wa kwanza.

Huku kwetu nasi twaijua kazi hiyo, ingawa si kwa kila mbegu. Mahindi twayapanda kwa kuchimba mashimo, tukatia punje mbili tatu katika kila shimo, tukafukia kwa mguu. Lakini ulezi na ufuta ni mbegu ndogo mno. Nani atazihesabu punje zake? Basi twazimwaga kwa mkono. Mpunga pia humwagwa katika mabonde mengi, ingawa wako wakulima wausiao kwanza mahali pamoja, kisha wakauatika mche kwa mche. Na watoto wetu waliokesha kuamia ndege shambani wajua vema bei ya mbegu isiyofunikwa.

Katika kazi hii ya kutupa mbegu kwa upana yamo mambo matatu, nasi twawaomba myashike, kwa kuwa tutayarudia mbele. La kwanza: mpanzi hachagui punje ipi iangukie wapi. Yeye huchagua shamba, lakini punje moja itaangukia udongo mzuri, na nyingine juu ya jiwe. La pili: mbegu ikiisha kutoka mkononi hairudi. Hakuna mtu awezaye kwenda kuokota ulezi uliokwisha kumwagwa. La tatu: mkono ule ule, kwa ustadi ule ule, huweza kueneza mbegu njema au magugu. Mkono haubagui, kilichomo kikapuni ndicho kitakachoota.

Hapa yatokea ajabu moja ya lugha. Watu wa Uingereza walitupa mbegu kwa mkono tangu zamani zisizo hesabu, na hata hivyo neno broadcast halionekani katika maandishi yao kabla ya miaka ya 1760. Je, kwa muda wote ule waliiitaje kazi yao? Waliiita kupanda mbegu, basi. Kitu kisicho na mwenzake hakihitaji jina la kukipambanua. Zamani zetu taa ilikuwa taa tu, ilipokuja taa ya umeme, ndipo tulipohitaji kusema "taa ya mafuta." Vivyo hivyo Waingereza hawakuhitaji jina maalum la kupanda kwa kutawanya mpaka ilipokuja namna nyingine ya kupanda.

Namna hiyo nyingine ilienezwa Uingereza na Bwana Jethro Tull, aliyezaliwa mwaka 1674 katika jimbo la Berkshire. Bwana huyu alisomea sheria, lakini maisha yake yalikuwa ya shambani. Hakupendezwa kuona mbegu nyingi zikipotea kwa kutupwa ovyo, tena kwa kuwa zilitupwa kotekote, mtu hakuweza kupita katikati ya mimea kuyang'oa magugu. Mnamo mwaka 1701 akaunda mashine ya kupandia iliyokokotwa na farasi. Fikira ya chombo cha kuhesabia mbegu, kama alivyoeleza mwenyewe, aliipata katika kinanda cha kanisani, ambacho alijua kukifungua na kukifunga. Mashine ile ilipasua vijifereji vitatu kwa pamoja, ikadondosha mbegu humo kidogo kidogo, ikazifunika. Mimea ikaota kwa mistari, na katikati ya mistari farasi akaweza kupita na jembe la palizi. Katika miaka ya 1730 Bwana Tull alitoa kitabu cha kueleza mambo hayo.

Wakulima wengi hawakumfuata mara moja. Mashine ilikuwa ghali na yenye kuharibika, na mkono wa mtu haudai fundi wa kuutengeneza. Ikapita miaka mingi, watu wakibishana, hawa wakisifu mistari, wale wakitetea mkono. Na wanaobishana sharti wawe na majina ya vitu wanavyobishania. Ndipo likatumika neno letu: mbegu za upande huu ni za mistari, na za upande ule ni broadcast, zilizotupwa kwa upana. Basi neno hili lilizaliwa kwa sababu ya ushindani. Njia ya kale ilipopata mpinzani, ndipo ilipopata jina.

Haikupita miaka mingi kabla neno halijatoka shambani likaingia mjini. Mwisho wa karne ile ile ya 18 waandishi walikwisha kuanza kulitumia kwa mfano. Vijikaratasi vya siasa vikigawanywa kila mtaa, walisema vimetawanywa kama mbegu. Mtu akisambaza uvumi kila aendako, walisema anautupa kwa upana. Lakini ulikuwa mfano tu, na mkulima alibaki mwenye mali. Neno likakaa hivyo zaidi ya miaka mia moja.

Kisha ikaja simu isiyo na waya, ile ambayo wazee wetu waliiita simu ya upepo. Mwaka 1896 kijana wa Kitalia, Guglielmo Marconi, alifika Uingereza na vyombo vyake. Sasa sikilizeni vema, kwa kuwa hapa ndipo penye fundo la historia yetu. Marconi na wenzake hawakukusudia kuwatangazia watu wote. Walitaka kupeleka habari kutoka mahali pamoja hata mahali pamoja, kama barua ipelekwavyo kwa mwenyewe: kutoka pwani hata merikebuni, kutoka mji huu hata mji ule. Wateja wao walikuwa wenye meli, magazeti, na majeshi ya majini, na watu hao hupenda siri. Lakini mawimbi ya simu ya upepo hayajui siri. Yakitoka katika mlingoti huenda kaskazini na kusini, mashariki na magharibi, na kila mwenye chombo cha kupokelea aweza kuyanasa. Kwao hiyo ilikuwa ila, kama vile kutawanyika kwa mbegu kulivyokuwa ila machoni pa Bwana Tull.

Marconi aliwaambia watu kwamba kwa ufundi wake wa kulinganisha vyombo, habari zake hazingeweza kuingiliwa. Mwezi wa Juni 1903 jambo hilo lilijaribiwa mbele ya macho ya watu. Profesa John Ambrose Fleming alikuwa akitoa hotuba mjini London katika jumba la wataalamu, na habari ilikuwa itumwe na Marconi kutoka Poldhu, mbali sana upande wa magharibi. Lakini bwana mmoja wa kiinimacho, jina lake Nevil Maskelyne, alikuwa ameweka mtambo wake karibu na pale. Kabla ya wakati uliowekwa, chombo cha Profesa kikaanza kupokea maneno ya dhihaka kumcheka Marconi. Profesa alikasirika sana akaandika gazetini. Maskelyne naye alijibu kwamba alitaka kuonyesha ukweli. Na kweli ilionekana: mbegu hizi hazitaki mstari.

Ndipo taratibu watu wengine wakaanza kulitazama jambo lile kwa jicho jingine. Ikiwa sauti yatawanyika, kwa nini tusiitumie kwa kutawanya? Mwaka 1910 mnara wa Eiffel mjini Paris ulianza kutoa alama za saa, wala si kwa meli hii au ile, bali kwa kila nahodha mwenye kuweza kuzisikia. Tarehe 15 Juni 1920 mwimbaji mashuhuri wa Australia, Bibi Nellie Melba, aliimba mbele ya chombo katika kiwanda cha Marconi mjini Chelmsford, na sauti yake ikasikiwa katika nchi nyingi. Tarehe 2 Novemba mwaka ule ule, stesheni ya Pittsburgh huko Marekani ilitangaza hesabu za kura za uchaguzi wa Rais, na watu wakajua usiku ule ule ya kuwa Warren Harding ameshinda, kabla magazeti hayajapigwa chapa. Ile iliyokuwa ila ikawa ndiyo kazi yenyewe.

Kazi mpya yataka jina. Kuita kazi hiyo "simu" hakukufaa, kwa kuwa simu huenda kwa mtu mmoja. Walihitaji neno la kutupa kwa upana bila kuchagua wa kupokea, na neno hilo lilikuwako tayari, limening'inizwa ukutani mwa ghala pamoja na kikapu cha mbegu. Wakalichukua. Tarehe 18 Oktoba 1922 iliundwa kampuni ya Waingereza ya utangazaji, BBC, na hiyo herufi B ya pili ndiyo neno letu. Tarehe 14 Novemba ikaanza kazi London. Kila mwenye chombo alilipa shilingi 10 kwa mwaka kwa ruhusa ya kusikiliza. Kutoka tarehe 1 Januari 1927 kampuni hiyo ikawa shirika la umma kwa hati ya Mfalme. Walimu wa sarufi nao wakapata la kubishania: je, kwa wakati uliopita tuseme broadcast au broadcasted? Wenye kukumbuka mkulima walisema neno cast halibadiliki, basi na hili lisibadilike. Nao ndio waliokuwa na wafuasi wengi.

Tusidhani kwamba wenye shirika lile walisahau asili ya neno. Walipofungua jumba lao kubwa London mwaka 1932, ukumbini mwa kuingilia waliweka sanamu ya jiwe iliyochongwa na Eric Gill. Sanamu hiyo ni ya mpanzi, mtu atupaye mbegu kwa mkono, kama yule wa mfano wa Injili. Na katika ukumbi huo yamechongwa maneno ya Kilatini, yakimtaja John Reith aliyekuwa mkuu wao, na ndani yake mna dua kwamba mbegu njema ilete mavuno mema. Basi kila aliyekwenda kusema redioni alipita mbele ya yule mpanzi kwanza.

Mataifa mengine yalipohitaji jina la kazi hiyo hiyo, kila moja lilitafuta nyumbani kwake. Wafaransa walichukua neno la kumwaga maji yakaenea. Wajerumani, wakiikumbuka mitambo ya kwanza iliyotoa cheche, waliunda neno lenye maana ya cheche zienezwazo pande zote. Waholanzi walikumbuka mtu aliyezunguka mitaani zamani akipaza sauti kuwapa watu habari, wakaiita kazi hiyo kwa neno la kuita ukizunguka. Waarabu wakasema idhaa, kutoka neno lenye maana ya jambo kuenea na kujulikana.

Nasi je? Kiswahili kina maneno mawili. Idhaa tumelipokea kwa Waarabu. La pili ni letu wenyewe: kutangaza, yaani kulifanya jambo litangae, lijulikane kotekote. Katika miji yetu ya zamani aliyetangaza alikuwa mtu mwenye mbiu, pembe la mnyama, akaipiga ili watu wakusanyike, kisha akasema neno alilotumwa na jumbe au mfalme. Ndiyo maana wahenga walisema, la mgambo likilia, lina jambo. Basi sisi na Waholanzi tumekutana njiani bila kujuana: kwetu redio ni mpiga mbiu, na kwa Mwingereza redio ni mpanzi. Yafaa tuzishike picha zote mbili. Mpiga mbiu hufundisha kwamba nyuma ya kila tangazo yuko aliyelituma, na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Ni nani?" Mpanzi hufundisha kwamba neno halifi pale lilipoangukia. Huota.

Redio ilifika Afrika ya Mashariki mapema, lakini si kwa wote. Mwaka 1928 matangazo yalianza Nairobi, nayo yalikuwa ya Kiingereza kwa ajili ya walowezi. Mbegu zilipita juu ya vichwa vya watu wa nchi. Wakati wa vita ya 1939 mpaka 1945, askari wetu walipokuwa mbali, ndipo matangazo ya lugha za Kiafrika yalipopata nguvu, ili jamaa zao wapate habari. Mwaka 1951 ilianza Sauti ya Dar es Salaam. Na tarehe 27 Juni 1957 London yenyewe ilianza kutangaza kwa Kiswahili.

Sasa turudi kwa yale mambo matatu ya shambani: mpanzi hachagui mahali pa kuangukia, mbegu hairudi, na mkono haubagui njema na mbaya. Hayo si maneno ya kupambia hotuba. Jirani zetu wa Rwanda waliyaona kwa machozi. Mwezi wa Julai 1993 ilianza kusikika Kigali stesheni iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines. Watu waliipenda. Ilipiga muziki mzuri, watangazaji wake walijua mzaha, walisema kama vijana wasemavyo barazani. Lakini ndani ya kikapu mlikuwa na magugu. Siku kwa siku iliwafundisha watu kuwaona jirani zao Watutsi kuwa ni adui. Mauaji ya kimbari yalipoanza mwezi wa Aprili 1994, stesheni ile ilichochea wauaji, ikataja majina ya watu na mahali walipo. Kufika Julai watu mamia ya maelfu walikuwa wameuawa, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa ubaya ule.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa ilikaa Arusha kuyahukumu mambo hayo. Mwezi wa Desemba 2003 iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa stesheni ile, pamoja na mwenye gazeti mmoja. Katika rufani ya mwaka 2007 baadhi ya mashtaka yaliondolewa na vifungo vikapunguzwa, lakini hatia haikuondoka. Wakuu wale hawakuhukumiwa kwa kushika panga. Hukumu ilihusu maneno yaliyotawanywa. Hukumu hiyo yatuambia kwamba mpanzi hawezi kusimama mwisho wa shamba akasema, "Mimi nilirusha tu, kilichoota si changu."

Lakini haki yatutaka tutaje na shamba jema. Mwaka 1973 huko Tanzania ilifanywa kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Redio ilieleza habari za malaria, kuhara, kichocho na maradhi mengine, na namna ya kujikinga. Kama ingalikuwa redio peke yake, labda maneno mengi yangalichukuliwa na ndege. Lakini vijijini watu walikusanyika vikundi vikundi, kila kikundi na kiongozi wake na kijitabu chake. Walisikiliza pamoja, wakasoma pamoja, wakaulizana, "Sisi hapa tutafanya nini?" Kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni mbili walishiriki. Hapo mbegu ilitupwa kwa upana, tena haro ikapita nyuma yake.

Ndiyo sababu hata mazungumzo haya hupigwa chapa yakawa kijitabu. Sauti hutawanyika kwa dakika chache na kupotea. Msikilizaji mmoja alikuwa jikoni, mwingine mtoto alimlilia, mwingine chombo chake kilikoroma. Kusoma tena kwa utulivu, na kuulizana na mwenzako juu ya uliyoyasikia, ndiko kuifunika mbegu kwa udongo.

Wala mfano wa mpanzi haufiki mwisho wa habari, kwani udongo haukatai mbegu. Hupokea ngano, hupokea na magugu, huotesha vyote. Msikilizaji si udongo. Ana masikio, na katikati ya masikio ana akili. Akisikia neno aweza kuuliza: Ni nani amelituma? Amelijuaje? Likiota kijijini kwetu litazaa nini? Siku hizi kazi ya kutawanya haiko tena mikononi mwa wenye minara mirefu peke yao. Kila mwenye simu ya mkononi hupokea habari na kuipeleka kwa watu mia kwa kugusa mara moja, naye hajui itaangukia wapi, wala hawezi kuiokota tena. Kila mmoja wetu sasa amejitundikia kikapu ubavuni. Basi ukiona mkono wako unataka kurusha, simama kidogo, utazame kikapuni.

Kwaherini, wasikilizaji wetu. Mungu awajalie mbegu njema.